Kompyuta ya Marehemu Niliyoagiza Ifuliwe

Kwetu nguo za marehemu hazigawiwi zikiwa na jasho lake. Zinafuliwa kwanza, zote, kwa siku moja, hata ile aliyoivaa mara moja tu kanisani. Zinaanikwa, zinakunjwa, ndipo wanawake wa ukoo wanakaa chini na kugawana. Mwanangu alipofariki, mimi mama yake ndiye niliyesimamia ufuaji. Wifi yangu alitaka kuficha kitenge kimoja chini ya kikapu ili kibaki na harufu. Nikakivuta, nikakitumbukiza kwenye beseni.

"Una moyo wa jiwe," akaniambia.

"Jasho la mfu halirithiwi," nikamjibu. Ndivyo alivyonifundisha mama yangu, naye alifundishwa na mama yake. Sikujua kwamba neno hilo nitalibeba mpaka Mbeya.

Huyo mwanangu alikuwa wa tatu kwa kuzaliwa. Alisoma kwa masista, akajua kuchapa kwa mashine bila kutazama vidole, akaenda Mbeya, akafungua kiduka cha kuchapa barua na kutoa kopi pale Mwanjelwa. Hakuolewa, hakuzaa. Kila Krismasi alikuja nyumbani, huku kijijini karibu na Tosamaganga, na kompyuta yake ya kufunga na kufungua, ameifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Kuandika nilikuja kujifunza ukubwani, jioni, chini ya taa ya chemli, na watoto wanatucheka. Lakini kichwa Mungu alinipa. Mtu akinitajia jina mara moja halitoki. Wakunga wangu wote, walimu wa watoto, watu waliotugawia kopo la mahindi mwaka wa njaa, na marehemu wetu kuanzia kaburi la mbali kule mgombani hadi la karibu, na watoto wachanga waliozikwa hata kabla hawajabatizwa. Siyaandiki hapa. Majina ya wafu tunayataja makaburini tukiwa tunafyeka majani mwezi wa kumi na moja, hatuyamwagi barabarani.

Krismasi yake ya mwisho tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akaniambia, "Mama, nitajie wote, leo nakuandika." Akaiweka ile kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikataja, yeye anachapa, huku anauliza. Tulianza baada ya chai, tukamaliza wakati kuku wanaingia ndani. Mimi nilijua anachapa tu. Kumbe mashine yenyewe ilikuwa inasikiliza.

Basi, tulipomaliza matanga, wazee walimpa jina la marehemu mjukuu wangu, binti wa mtoto wangu wa kwanza, aliyekuwa anaingia chuo hapo Iringa mjini. Ndiye mrithi. Alipewa jina na vitu vya jina. Nguo zilikuwapo, sufuria zilikuwapo. Kompyuta haikuwapo. Ilibaki Mbeya kwa jirani yake wa duka. Nikasema nitaifuata mwenyewe, maana nilitaka kuona pale alipokuwa anakaa mwanangu.

Nilishuka Mbeya na baridi yake ile inayoingia mifupani. Yule jirani alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mwanamke wa makamo, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani zamani akaja kuuza vitambaa. Aliponiona tu alijua, maana mwanangu alichukua uso wangu. Akatoka nje ya meza yake, akapiga goti.

"Shikamoo mama'angu."

"Marahaba mwanangu. Poleni na msiba."

"Sisi ndio tuseme pole kwako." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mzigo wako huu hapa. Sijamruhusu mtu aushike."

Alikuwa ameihifadhi ndani ya kanga ileile. Kipande cha kitufe kimoja kiling'oka zamani, kimebandikwa gundi. Nikaipapasa. Ilikuwa ya baridi.

"Haiwezi kutoka hapa hivi," nikasema. "Lazima ifuliwe."

Akanitazama, nikaona anabana kicheko kwa sababu ya heshima. "Kompyuta, mama?"

"Usinicheke. Najua haiingii kwenye beseni. Lakini ninyi mafundi mnayo namna yenu ya kuifua. Anaipokea msichana. Haifai aipokee na mambo ya marehemu ndani yake."

"Nyie watu wa Iringa kwa sheria!" akacheka sasa. "Namna ipo, mama. Tunairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Itakuwa mpya, haimjui mtu. Ila hizi za zamani huwa zina CD yake ya kurudishia, na mwanao sikumwona nayo hata siku moja."

"Basi haiwezekani?"

"Inawezekana. Imejificha akiba yake humohumo ndani, sehemu ambayo mtu haoni. Ukijua mlango wa kuingilia, inajijenga upya yenyewe."

Hilo nikalielewa upesi. Sisi mbegu ya mahindi tunaining'iniza juu ya jiko, kwenye moshi, hailiwi hata kama kuna njaa. Shamba likiungua lote, mbegu iko darini. Nikamwambia hivyo, akasema, "Hasa! Mama, wewe ulipaswa kuwa fundi."

Akachomeka waya kwenye umeme kwa sababu betri ilikuwa imekufa. Akaizima, akaiwasha huku ameshika kitufe fulani, ikaleta rangi ya buluu na maneno ya Kizungu. Akasoma, akageuka.

"Inauliza swali, mama. Nitunze vitu vya mwenyewe, au niondoe vyote?"

"Vitu gani?"

"Barua za wateja, picha mbili tatu. Kuna majina aliyoyachapa. Na kuna sauti."

Nikafikiri. Picha zake ninazo ukutani. Majina ninayo kichwani. Na sauti nikajua ni kwaya, maana alipenda kwaya kupita kiasi, alikuwa akichapa huku anaimba alto. Nyimbo ziko kila mahali.

"Ondoa vyote."

"Mama, una hakika? Ikishaondoa, hata mimi sitaweza kurudisha."

"Nguo ya marehemu haifuliwi upande mmoja," nikasema. Nilisema kwa sauti ya juu, kama nilivyosema mbele ya wifi yangu.

Akabonyeza.

Vidoa vyeupe vikaanza kuzunguka, na chini yake namba. Akanieleza kwamba namba ikifika mia imemaliza, na kwamba itachukua nusu siku kwa sababu mashine imezeeka. Akaniletea chai ya tangawizi na maandazi. Mteja akaja na simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, mwingine akaja kulalamika kwamba simu yake inapiga watu yenyewe. "Haipigi yenyewe, baba, unaikalia!" akamwambia, tukacheka. Nikawa naona raha kidogo. Nikajiambia, mwanangu alikaa na watu wazuri.

Adhuhuri akasema, "Naenda kuswali. Iangalie, usiiguse." Nikabaki nimeketi mbele yake kama mtu anayelinda chungu kisifurike. Namba zikapanda taratibu. Aliporudi zilikuwa sitini na kitu.

Akaketi karibu yangu, akasema, "Leo ni Ijumaa, unajua? Kila Ijumaa kabla hatujafunga maduka alikuwa ananiita. 'Njoo umsikilize mama yangu.'"

"Kumsikiliza wapi?"

"Si humo. Ile sauti. Wewe unataja majina, yeye anauliza."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

"Yeye anasikika?"

"Anasikika sana, kukuzidi wewe! Mama, wewe ulikuwa mbali kidogo, mahindi yanadondoka kwenye sinia, paa, paa. Yeye ndiye yuko karibu. Anasema, 'Halafu, mama? Halafu nani?' Na kuna mahali mnagombana, ndipo tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Pale kwa shangazi aliyetoroka na fundi baiskeli."

Nilikumbuka. Huyo shangazi alimwacha mumewe na watoto, na ukoo ulikataa kumtaja. Nilipofika kwake nilimwambia mwanangu, huyo usimwandike.

"Unamfokea," akaendelea fundi, "unasema, 'Huyo usimwandike!' Naye anajibu taratibu..." Akabadilisha sauti, akaiteremsha, akaiburuta mwishoni kama yeye. "'Nimeshamwandika, mama.'"

Ni mwanangu kabisa. Kwa sekunde moja alikuwa nyuma ya meza ile.

"Isimamishe," nikasema.

Akanielewa hapohapo. Nikamwona rangi inabadilika. "Mama... hukujua?"

"Isimamishe mwanangu, nakuomba."

"Haisaidii. Inaanza na kuondoa, halafu ndiyo inajijenga. Vya zamani vimeshaondoka tangu asubuhi. Nikiikatisha sasa inakufa yote, na mrithi atakosa."

Nikaomba umeme ukatike. Nasema ukweli, nilimwomba Mungu. Umeme wa pale mwanangu alikuwa akiulalamikia kila alipokuja nyumbani, kwamba unakatika mtu akiwa katikati ya barua. Siku hiyo ulikaa. Sabini. Sabini na nane. Fundi alishika mkono wangu, hakusema kwamba yeye aliniuliza, ingawa aliniuliza. Nilimwuliza kama mwanangu hakuweka nakala kwenye simu. Akasema waliotoka mazishini walimwambia simu ilizikwa naye mfukoni mwa gauni, kwa amri yangu. Kweli, nilikuwa nimesahau. Mimi nisiyesahau.

"Sema tena," nikamwambia.

"Nini mama?"

"Vile alivyosema."

Akasema tena, lakini sasa alikuwa analia na haikufanana.

Ilipofika mia ilizimika, ikawaka, ikang'aa kama sahani mpya. Ikauliza maswali yake, nchi gani, lugha gani. Fundi akajibu moja moja. Halafu akaacha vidole juu ya vitufe.

"Inataka jina la mwenyewe."

Nikamtajia. Akanitazama.

"Mama, hilo ni la marehemu."

"Tangu juzi ni la mjukuu wangu. Andika."

Akaliandika, herufi kwa herufi, na mashine ikalionyesha kwa maandishi makubwa, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia.

Nilirudi Iringa nimeipakata mapajani njia nzima, Igawa, Makambako, Mafinga. Dirishani miti ya mbao ilipita na sikuiona. Nyumbani wifi yangu aliniuliza kama nimeifua. Nikamwambia nimeifua. Akaitikia tu kwa kichwa, hakunisimanga, na ingekuwa afadhali anisimange.

Mjukuu anaitumia mpaka leo. Ni mtoto mzuri, mwenye adabu, nguo za shangazi yake zimemkaa vizuri. Ninapomwita kwa jina lile anaitika upesi, nami kila mara moyo unaruka kidogo kabla hajatokea mlangoni. Likizo akija namwambia awashe, nimtajie tena majina yote, na safari hii tunairuhusu mashine isikilize. Kaburi la mgombani kwanza, kisha kushuka. Sijasahau hata moja. Anachapa vizuri, anasikiliza, haniulizi halafu nani, maana hapendi kunikatiza.

Tukifika kwa yule shangazi wa fundi baiskeli namwambia kwa ukali, kama nilivyosema siku ile, "Huyo usimwandike!" Kisha nanyamaza, nasikiliza.

"Sawa, bibi," anasema, na anaendelea na anayefuata.