Bonde la Nyani

Nilianza na kapu moja la ufuta pale Ikwiriri, leo nina maghala matatu, na hakuna la kunishangaza tena. Karatasi za serikali siziamini. Lakini juzi karani wa ardhi alipokunjua ramani ya zamani ya Wajerumani, harufu yake ya nta na ukungu ilinirudisha utotoni, milimani kwetu.

Ilikuwa wakati wa vita vya Maji Maji, na askari walichoma kila ghala la chakula. Mjerumani mchora ramani alisimama juu ya bonde letu, akilamba ncha ya penseli. Walitukuta mimi na mama njiani huko juu; mama alishazima jiko bondeni kwa mchanga, moshi usionekane.

"Mama, huko chini wanakaa akina nani?" akauliza askari wa Mjerumani.

"Nyani, baba. Ukishuka, uwadai kodi."

Nikafumbua mdomo, mama akanifinya sikio. Askari akacheka, Mjerumani akaandika, wakapita. Mtama wetu ukapona.

Karani akaweka kidole palepale kwenye ramani. "Imeandikwa hapakai watu, ni nyani tu. Sasa mzee, kwenu ni kwenu vipi?"

Nikamtazama usoni, nione kama ananicheka. Bonde la mama, lililohesabiwa ardhi ya serikali isiyo na watu, nimelinunua kwa shilingi tisini na mbili na senti hamsini.