Mkeka Alioubakisha Afra

Bi Ghania alimkosha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe. Wanawake waliokuja kusaidia walimsihi akae kando, wakihofia kwamba kazi ile ingemshinda, lakini alikataa. Alimimina maji taratibu, akampitisha kitambaa shingoni na mabegani kama alivyokuwa akifanya zamani, Afra alipokuwa na homa za utotoni. Alipofika kwenye vidole alikawia. Kwenye kucha kulikuwa na rangi ya buluu, rangi ya darasani, na hata aliposugua haikutoka yote. Akaiacha. Wanaume wakamchukua Afra kwenda kumzika, naye akabaki nyumbani na wanawake wenzake, akisikiliza lifti ikishuka.

Afra alikuwa na miaka thelathini na minane, mwalimu wa kuchora katika shule moja ya Dubai. Hakuolewa. Alianguka mbele ya wanafunzi wake Jumatatu asubuhi, mshipa wa kichwa umepasuka, na Jumatano akafariki bila kufumbua macho. Mama yake hakupata hata neno moja la kuagana.

Walikuwa wawili tu katika fleti yao ya Bur Dubai, juu ya duka la vitambaa. Bi Ghania alifika mji huu kutoka Unguja akiwa biharusi, akazoea joto, akazoea Kiarabu cha sokoni, akafiwa na mume Afra akiwa bado skuli. Kitu alichokuja nacho kutoka kwao ni usukaji wa ukili, ule mkanda wa makuti unaoshonwa kuwa mkeka. Huku hakupata ukindu wa kwao, basi alisukia makuti machanga ya mitende, ambayo watunza bustani walimwachia mlangoni. Alisuka mikeka, vikapu na vipepeo vya kujipepea, na Afra tangu mdogo alikaa ubavuni pake akisuka chake, upande huu mpana, upande huu mwembamba. Mpaka anakuwa mtu mzima, ukili wake ulikuwa ukipinda kidogo kulia. Bi Ghania angeutambua gizani.

Siku za Jumapili Afra alikuwa akikusanya wazazi na watoto wao watengeneze mapambo ya sikukuu zao. Waislamu walikata fanusi za karatasi za Ramadhani, Wahindi walifinyanga taa za udongo. Halafu akaja Tirza, Myahudi aliyezaliwa Nairobi na kukulia huko, ambaye alimsikia Afra akizungumza na mama yake kwa simu, akamgeukia na kumsalimu kwa Kiswahili. Kuanzia hapo wakawa marafiki. Tirza alikuwa na binti wa miaka sita, Liora, na alitaka mtoto azijue sikukuu za kwao kwa vidole, si kwa kuambiwa tu. Afra akauliza, akajifunza. Walitengeneza vinyago vya rangi vya kuvaa usoni katika sikukuu ya Purimu, wakatarizi vitambaa vya kufunikia mikate isiyotiwa chachu ya Pasaka. Familia nyingine nne tano za Kiyahudi zikajiunga. Miaka hii, kwa kuhofia usalama wao, walikutana majumbani tu, kimyakimya, bila kutangaza popote.

Siku ya tatu ya msiba, khitma ilipokwisha na watu kupungua, Tirza alikuja. Alivua viatu, akajifunika nywele, akasema, "Shikamoo, Bi Ghania."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Tirza akaketi chini, akanyamaza. Tangu asubuhi Bi Ghania alikuwa akiambiwa asubiri, ashukuru, asilie sana, na masikio yalikuwa yamemchoka. Mgeni huyu hakusema kitu. Baadaye alikuja kujua kwamba ndiyo desturi ya kwao: anayekwenda kuhani hafungui mdomo mpaka mfiwa aseme kwanza. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka kahawa ikapoa.

"Ile siku ya watoto," Bi Ghania akasema mwishowe. "Ya vibanda."

"Tumeiacha, mama. Usijisumbue na hiyo."

"Si alikuwa ameahidi?"

Tirza akainamisha kichwa. "Aliahidi. Alisema atawafundisha watoto kusuka pete za makuti."

"Basi n'takuja mie."

Pete hizo ni za Sikukuu ya Vibanda. Wakati huo Wayahudi hujenga kibanda nje ya nyumba, wakala humo kwa siku saba, kukumbuka jinsi wazee wao walivyoishi jangwani bila makao. Hushika mkononi kuti changa la mtende ambalo halijachanua, pamoja na vitawi vya mihadasi na mierebi, na fungu hilo hufungwa kwa pete zilizosukwa kwa kuti hilohilo. Afra alipoambiwa habari hiyo alirudi nyumbani anacheka. "Mama, kumbe hawa nao wanasuka," alisema. Akaanza pia kusuka mkeka, akawaahidi watoto kwamba ndio utakaoezeka kibanda chao mwaka huu. Alifika nusu.

Bi Ghania aliumaliza. Kila siku baada ya alasiri alikaa dirishani na kuendeleza ukili pale ulipoachwa. Wake ulikuwa umenyooka, wa Afra umepinda, na mahali zilipokutana palionekana wazi. Alijaribu kupafumua apasawazishe, moyo haukumpa kuuvuta ukili wa mwanawe, akapaacha vivyo hivyo.

Humoud, mtoto wa dada yake, naye mkaazi wa Deira, mtaa mwingine wa mjini, alimkuta katika kazi hiyo. Alikuwa na mambo mawili ya kumwambia, akaanza na lile jepesi.

"Khalati, watu watasema. Msiba haujapoa, unakwenda kwa Mayahudi kusuka."

"Waseme."

Jambo la pili lilimtoka kwa shida. Kibali cha ukaazi cha Bi Ghania kilikuwa chini ya Afra. Afra ndiye aliyekuwa kafeel wake, mdhamini wake, na sasa hayupo. Yeye Humoud alikuwa ameuliza kila mlango, na sheria haimruhusu mtu kumdhamini khalati, yaani mama yake mdogo. Ilimbidi Bi Ghania arudi Unguja kabla mwaka haujaisha, akae kwa mdogo wake mtaani Kikwajuni. Chumba kilikuwa tayari.

Bi Ghania aliendelea kusuka. "Mie nimeondoka Unguja wewe hujazaliwa," alisema. "Nani ananijua kule?"

Humoud akainama, akamkusanyia makuti yaliyotawanyika.

Jumapili ilipofika, Tirza alimpeleka kwake kwa gari. Uani kulikuwa na kibanda cha mbao kimeegemea ukuta, kuta zake za turubai, juu kuko wazi. Bi Ghania akaukunjua mkeka. Mume wa Tirza aliutazama, akamtazama mkewe, kisha akaingia ndani. Tirza akabaki amesimama, uso umemwiva.

"Vipi, mfupi?" Bi Ghania akauliza.

"Si mfupi, mama." Tirza alimshika mkono. "Hatuwezi kuuweka juu. Sheria yetu inasema paa liwe kuti lenyewe, au mti, kama ulivyoota. Mkeka kwa kawaida ni wa kulalia, na kitu cha kulalia hakifai hata kikisukwa kwa ajili ya paa. Sikumwambia Afra. Alifurahi sana, nikafikiri nitamwambia siku zikikaribia."

Bi Ghania aliutazama mkeka mikononi mwake. Watoto walikuwa wakikimbizana huko bustanini. Kwa muda alitamani arudishwe nyumbani.

"Na kama ningeuweka tu, usiniambie?" akauliza.

"Ningekuwa nakudanganya."

"Haya. Umefanya vyema kunambia. Hata mie nisingekulisha haramu yako kwa kuona haya." Hapo alikwisha kuinama. Akautandika mkeka chini, katikati ya kibanda, akaunyoosha pembe zake. "Mkeka ni wa kukaliwa. Waite watoto."

Wakaja na wazazi wao, wakajibana juu ya mkeka. Wengine walining'iniza minyororo ya karatasi na makomamanga waliyoyapaka rangi nyumbani. Bi Ghania aligawa chane za kuti zilizoloweshwa, akawaonyesha: huu juu, huu chini, kaza, usikate. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, lakini mikono ilitosha. Baba mmoja alisuka pete kubwa ya kuingia bilauri, watoto wakamcheka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Bi Ghania akajikuta anatabasamu.

Liora alikuwa amekaa karibu yake. Akanyanyua kichwa akauliza, kwa Kiswahili alichofundishwa na mama yake, "Mwalimu Afra anakuja saa ngapi?"

Tirza akageuka haraka. Uso wake ulionyesha kwamba hakuwa amepata nguvu ya kumwambia.

"Hatokuja, mwanangu," Bi Ghania akasema. "Amekufa."

Mtoto alifikiri. "Na wewe ni nani?"

"Mie mama yake."

"Sasa wewe ni mama wa nani?"

Mikono yote iliyokuwa ikisuka ilisimama. Tirza akamwita binti yake kwa jina, kwa sauti ya chini, lakini Bi Ghania alimzuia kwa ishara. Hakuna mtu mzima aliyethubutu kumuuliza swali hilo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza kila alipoamka.

"Bado mama yake," alisema.

Liora akaridhika, akarudi kwenye kuti lake. Bi Ghania alijaribu kuendelea, lakini hakuziona tena chane. Machozi yalimtoka mbele ya watu asiowajua, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Tirza alikuja akaketi ubavuni pake, akasuka kwa niaba yake mpaka watoto wote wakapata pete.

Sikukuu ilipokwisha, kibanda kilibomolewa na mbao zikarudi stoo. Familia mbili zilimpigia simu Bi Ghania zikimwomba awasaidie tena, wakati wa sikukuu yao ya taa, majira ya baridi. Akawashukuru, akawaambia hatokuwepo.

Asubuhi ya safari alimwomba Humoud ampitishe makaburini kwanza. Hakuwa amepaona. Kaburi la Afra lilikuwa tuta dogo la mchanga baina ya matuta mengine, jiwe kichwani, jiwe miguuni, upepo umeshaanza kulisawazisha. Humoud alisoma dua, kisha akasogea mbali kidogo.

Bi Ghania alichutama. "Nakwenda, mwanangu," alisema. "Nisingekuacha. Wananiondoa kwa sababu hupo." Alibaki amechutama, kiganja juu ya mchanga uliokwisha kuwa moto, mpaka Humoud akaja na kumshika chini ya kwapa.

"Yalla, twende, khalati. Ndege."

Akamwachia amnyanyue.