Mbwa Asiye na Mwenyewe

Kwa miaka minne Dianah alimpita Warigia bila salamu. Warigia alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, nyumba ya pili kutoka kwa kina Dianah katika ploti moja ya nyumba za kupanga mtaani Kiuu, na hakuwa na mchezo: muziki ukipanda kidogo, anagonga mlango wako kwa fimbo. Dianah, wa miaka kumi na tano, alimwita "polisi" akiwa na marafiki zake.

Alhamisi moja mchana Dianah alikuwa akinawa miguu kwenye mfereji wa ploti. Warigia akaja na ndoo, akaona alama mbili nyekundu juu ya kisigino.

"Hiyo ni nini?"

"Nilikatwa na waya."

"Waya haina meno. Mbwa ni wa nani?"

Hapo ukweli ukamtoka Dianah. Mbwa hakuwa na mwenyewe. Alimuuma Jumanne kule mtoni, mahali ambapo mama yake, Kaveke, alimkataza kwenda. "Alikuwa anatoka mate mob, yanadondoka tu. Shosho, tafadhali usimwambie mum," akamsihi yule bibi.

"Ngai! Siku mbili?"

Warigia akapiga magoti, akauosha ule mguu kwa sabuni chini ya maji hadi Dianah akalalamika. Huku akiosha alisema kwamba mdogo wake, Kagwe, aliumwa na mbwa akiwa na miaka tisa, akaficha. Kidonda kilipona. Baada ya wiki sita akaanza kuogopa maji.

"Alikufa na kiu," akasema. "Vaa viatu twende."

Kliniki ya kwanza haikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwenye ya pili waliambiwa warudi Jumatatu.

"Angekuwa mtoto wako, ungengoja Jumatatu?" Warigia akamuuliza muuguzi.

Muuguzi akapiga simu, akawaelekeza Thika. Njiani Warigia alimpigia Kaveke kazini. Dianah alimsikia mama yake akifoka, halafu akilia. Saa kumi na moja jioni alidungwa sindano ya kwanza. Zilibaki tatu, na kwa kuwa Kaveke hakupewa ruhusa kazini, Warigia ndiye aliyempeleka.

Siku ya tisa baada ya kuumwa, Dianah aliamka koo likimuuma. Kaveke alikuwa ameshaondoka. Chai ilikataa kushuka, naye akamkumbuka Kagwe. Akaenda kugonga kwa Warigia.

Warigia akamsikiliza. Alijaza glasi maji. Akanywa nusu, akampa.

"Kunywa."

"Naogopa, shosho."

"Hata mimi naogopa. Kunywa."

Dianah akafumba macho, akameza. Yaliuma, lakini yakapita. Akameza tena, na tena, hadi glasi ikabaki tupu. Warigia akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa leso. Alasiri hiyo daktari alimwangalia Dianah mdomoni, akasema ni maambukizi madogo ya koo tu, kisha akamwandikia dawa.

Sindano ya nne ilipita. Wiki ya sita ikapita pia, kila mmoja wao watatu akihesabu siku kivyake. Siku hizi Dianah akitoka kanisani huenda moja kwa moja kwa Warigia kupika, na majirani hushangaa wawili hawa wanaongea nini. Jumapili iliyopita walibishana karibu saa nzima kuhusu chumvi kwenye mukimo, na hakuna aliyekubali kushindwa.