Kola Iliyopigwa Msasa

Saa nne asubuhi, Jumapili. Gereji imefungwa, kompresa ya kupulizia rangi imenyamaza, na fundi wa rangi za magari anayejulikana kwa jina la Kioo ameketi kwenye kreti la soda, mbele ya turubai la kuchorea lililoegemezwa kwenye mlango wa gari bovu. Anapaka kidogo, anaguna, anafuta alichopaka.

"Huyu baba ananitazama kama nimemwibia mbwa wake," anasema.

Baba huyo ni bwana wa Ulaya wa karne ya kumi na saba, kavaa nyeusi tupu. Pembeni yuko mkewe, watoto watano wamewazunguka, na mbwa kajilaza chini ya meza. Ni picha ya familia ya mtindo wa Baroki, iliyotoka kwenye kitabu kikuukuu. Huu ni mwezi wa saba Kioo anainakili kwa rangi ya mafuta, akifundishwa na mwalimu mstaafu wa sanaa aliyewahi kumletea gari lake lipakwe rangi.

Kioo ana miaka arobaini na sita, ishirini na miwili kati ya hiyo akipuliza rangi. Jina alipewa na mafundi wenzake: gari likitoka mikononi mwake, unaweza kujitazama ubavuni mwake ukanyoa ndevu. Mwezi mzuri hupata magari matatu. Tyubu moja ya rangi nyeupe ya mafuta hula ujira wake wa siku mbili, na mkewe amekwisha kumuuliza kama huyo mzungu ndiye atakayewalipia karo.

Kwa nini basi ajisumbue? Kioo anaweka brashi chini.

"Sisi tumezaliwa watano, kama hao. Hatuna picha hata moja tuko wote na mama. Huyu akija, yule kasafiri. Siku ya kumzika mzee tulikuwepo wote, lakini nani angetoa simu apige picha?"

Mama yake anaugua presha ya macho. Daktari amesema kilichopotea hakirudi. Mwaka jana alimtambua mtu akiwa mlangoni. Siku hizi husubiri mtu aseme neno ndipo amjue. Kioo anatamani, mno, kuwachora wote wakiwa na mama yao kabla macho hayo hayajazima. Mwalimu alikataa: amalize kwanza ya watu, ndipo aguse ya kwao.

Mazoea yakamponza. Mwezi wa tatu alipaka kola ya lesi ya yule mke wa bwana pichani kwa rangi nyeupe nene, kama alivyoelekezwa. Ilipokauka, wiki kadhaa baadaye, akapitisha kiganja juu yake, kama anavyopima kila bodi ya gari. Mkono ukakwaruza. Bila kufikiri akachukua msasa, akaisugua ikawa laini kama boneti.

"Mwalimu aliitazama, akaipapasa," anakumbuka. "Halafu akasema, 'Fundi, kwenye kivuli rangi huwa nyembamba, kwenye mwanga huwa nene. Wewe umeusugua mwanga.' Nilitamani ardhi ipasuke."

Akaanza upya. Safari hii kola ilipokauka alilibeba turubai hadi kwa mama yake, akamwekea mapajani karibu na dirisha. Mama aliinama, akainama zaidi, hakuona ila weusi. Kisha kidole chake kikatembea, kikafika kwenye kola, kikasimama.

"Hapa pana mwanamke," alisema. "Kavaa vizuri. Wanawe wako wapi?"

Kioo akakishika kidole hicho, akakipeleka kwenye paji la uso la kila mtoto, pale penye mwanga, penye rangi nene. Mama akahesabu mpaka watano.

"Na wangu je?"

Mwalimu aliposimuliwa hayo, hakubishana tena. Uso wa yule baba wa pichani ukikamilika leo, Jumapili ijayo Kioo anaanza picha yao. Ndugu zake wametuma sura zao kwa simu. Mama ameagiza awekwe katikati, "na huyo dada yako mpunguze kidogo, asitujazie turubai." Mbwa hatakuwepo.

Turubai jipya liko ukutani, jeupe. Kioo analipapasa.

"Miaka yote hii kazi yangu ni mkono upite usikutane na kitu," anasema. "Hii nataka mkono wa mama upite, utukute sote."