Kabati la Mvua

Niliua vuli nzima ya Babati kwa kuanika betri juani.

Kabla hujacheka, sikiliza. Miaka ile ya shida, sabuni ilikuwa tetesi na sukari ilikuwa hadithi, na betri ya redio haikutupwa. Ikilegea unaitoa, unaipanga juu ya bati, jua la mchana linaipasha moto, jioni unairudisha na redio inapata sauti ya kutosha taarifa ya habari na, ukiwa na bahati, salamu mbili tatu za wasikilizaji. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Ukitazama mapaa ya mtaa wetu wa Maisaka mchana ungedhani watu wameanika dagaa waliovaa makoti mekundu.

Basi na mimi, mtu makini, mwenye cheti cha kidato cha nne ambacho mama yangu alikitia fremu, nikaona maandishi ya mashine niliyokabidhiwa yanaanza kufifia. Nikaifungua mgongoni, nikatoa betri zote, nikazianika. Jioni nikazirudisha zikiwa na joto kama mahindi ya kuchoma. Mashine ikawaka vizuri kuliko siku zote. Ikaniuliza leo ni tarehe ngapi. Halafu ikanijulisha, kwa adabu kabisa, kwamba haina kitu chochote ndani.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo, pana kama Biblia iliyofunguliwa, yenye kioo cha kuonyesha mistari michache. Ilikuwa mali ya mradi wa kupima mvua na maji ya ziwa. Familia kadhaa za kijiji cha Mutuka na za Maisaka zilipewa vipima mvua vya kusimika uani, na mvuvi mmoja alisoma alama kwenye nguzo iliyochomekwa ziwani. Asubuhi walipokuwa wakienda sokoni walipita dirishani kwangu, wananitajia namba, mimi nazipiga kwenye mashine. Karatasi zilikuwa adimu. Watoto wa shule walikuwa wakifuta daftari za mwaka jana kwa kipande cha kandambili ili waandike upya. Ofisi ya mradi nayo ilikuwa banda linalovuja, na kuiweka mashine mle ilikuwa ni kuitumbukiza katika maji iliyokuja kuyapima. Kwa hiyo ikakaa chumbani kwangu, nami nikakaa nayo.

Ilikuwa kazi ya kuumbiwa. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walizaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na kigoda. Kazi nyingine zote nilizowahi kuzisikia zilimtaka mtu atoke. Hii ilileta namba hadi dirishani, tena zikiniamkia.

Mhandisi wa mradi, dada mmoja kutoka Arusha asiyependa maneno mengi, alifika na Landrova wiki ile ile. Akaiwasha mashine. Akaizima. Akaiwasha tena.

"Ndugu, betri zilikuwa wapi?"

"Juani, Mhandisi."

"Zote?"

"Zote. Sikutaka nyingine zipate joto na nyingine zikose."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Kisha akanieleza jambo ambalo, kwa haki, ningeelezwa siku ya kwanza.

"Hii haina mkanda wala sahani ya kuhifadhia. Tulianza kwa kuhifadhi namba kwenye kaseti za kinasa sauti, kikazitafuna zote tulizokuwa nazo. Kwa hiyo nikachukua sehemu ya kumbukumbu yake, ile inayoitumia kufikiria kazi ya papo kwa papo, nikaikata visanduku vilivyo sawasawa, nikaiambia: hili ni kabati lako. Ikaamini."

"Imedanganywa."

"Imedanganywa, na inafanya kazi. Namba za Mutuka zinaweza kulala nusu huku, nusu kule, popote penye nafasi. Kisanduku cha kwanza ndicho kinachojua nani kalala wapi, kama mhudumu wa gesti. Na kila kisanduku mwishoni kina jumla ya namba zake, ili kikiharibika kijulikane peke yake, visikataliwe vyote. Sasa, gesti hiyo imejengwa kwa umeme mtupu. Ukiukata, usifikiri wageni wameondoka na milango imebaki. Hakuna gesti."

Nilizitazama betri zangu, ambazo sasa zilikuwa zimepoa. Nikauliza: "Na vuli?"

"Vuli imekwenda. Masika yanakuja. Nitarudi yakiisha. Nikizikuta namba zake humu, mashine inabaki hapa na wewe unabaki nayo. Nisipozikuta, naihamishia Arusha."

Hakusema mimi ningehamia wapi, lakini nilijua. Kaka yangu alikuwa Morogoro, amekwisha kuniombea nafasi kiwandani na kitanda katika bweni la wanaume wanaokoroma kwa zamu. Kila barua yake iliniita nitoke nikaione dunia. Dunia sikuwa na ugomvi nayo, ila ilikuwa mbali, na ilikuwa na bweni. Nikaapa kimoyomoyo kwamba kabati lile la kujifanya halitakosa umeme tena, hata kwa muda wa kupiga chafya.

Kabla ya kuondoka mhandisi alichomelea nyaya mbili zilizotokeza nje ya mashine, ili betri mpya ziweze kuunganishwa wakati za zamani bado zimo. Akanifanya nirudie sheria kwa sauti, kama mtoto wa katekisimu: kwanza unga, ndipo uchomoe. Akaniachia na seti moja mpya ya betri.

Seti hiyo ilianza kulegea hata mwanzo wa masika haujaisha. Nikaenda kwa mzee mwenye duka karibu na soko, ambaye kwake ndipo palipokuwa mwisho wa safari zangu za mbali.

"Shikamoo, mzee. Betri zipo?"

"Marahaba. Zilipita hapa."

"Zikielekea wapi?"

"Kwa wenye bahati," alisema, akaendelea kupanga viberiti vitatu kana kwamba ni mia.

Nikarudi nyumbani nikakaa, maana kufikiri kwangu kunahitaji kiti. Nikakumbuka neno jingine la mhandisi: mashine ikiwa imelala, kabati lake linahitaji umeme kidogo sana. Redio inasema, kwa hiyo inakula. Kumbukumbu inanyamaza, inalamba tu. Je, betri ambayo redio imeikataa haiwezi kutosha kwa kulambwa? Nikachukua zangu za redio, zile ambazo hata jua lilikuwa limekata tamaa nazo, nikazipanga ndani ya nusu ya mwanzi uliopasuliwa, moja nyuma ya nyingine, nikazibana kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nikaunga. Nikasali kidogo. Nikachomoa zile za zamani. Nilipoiwasha, mvua yote ilikuwa mahali pake.

Basi nikaweka utaratibu. Zile za mhandisi, zilizokuwa zimebakiwa na nguvu kidogo, nilizitunza kwa ajili ya kupiga namba asubuhi tu. Zilizokufa zililisha kabati mchana na usiku, kundi moja kazini, jingine likiota jua juu ya bati. Lakini maiti nazo huisha, na ili kupata nyingine ilinibidi nifanye kitu nilichokiepuka tangu ubatizo: kupiga hodi nyumba kwa nyumba.

Nilianza na mama jirani, ambaye chumba chake na changu vilitazamana uani.

"Mama, una betri mbovu?"

"Ninazo. Nikikupa utanipa nzuri?"

"Hapana."

"Basi unataka nini, kijana? Mwenzako akikosa nyama huomba nyama, wewe unaomba mifupa iliyokwisha kutafunwa?"

Alinipa, akanifuatia kwa kicheko hadi nyumba ya tatu. Wiki haikuisha nikawa nimepewa heshima ya mzazi. Kwa kuwa sikuwa na mke wala mtoto, na kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake, wakaniita Baba Betri. "Shikamoo, Baba Betri, mtoto amekula?" Wazee kwa vijana. Hata mvuvi aliyeniletea kina cha ziwa aliinama dirishani na kuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia mgonjwa: "Kalalaje?" Nikawa najibu kwa uzito, kwamba kalala vizuri. Masika yalikuwa yamekolea, namba zikaja nyingi na kubwa, kabati likajaa kisanduku baada ya kisanduku, na nikawa natembea nikiwa na betri za watu mifukoni, zikigongana kama njuga. Sijawahi kutembea Babati kiasi kile, kabla wala baada, na yote hiyo ili niruhusiwe kubaki ndani.

Kilichofuata ningepaswa kukiona kinakuja. Wakati ule mtu kukutwa na katoni ya kitu chochote ilikuwa kesi. Walanguzi walisakwa, na kilichofichwa uvunguni kilitangazwa hadharani. Na mimi nilikuwa kijana mkimya, asiyetoka, mwenye betri nyingi kuliko duka.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja asubuhi moja, amevaa koti lake la mikutano, refu la kufika magotini.

"Ndugu, kuna habari kwamba unaficha betri wakati wananchi hawana."

"Nimepewa na wananchi wenyewe, Balozi."

"Zitoe zote hapa nje, nizihesabu."

Nilimtolea zilizokuwa kwenye ndoo, nikamshushia na zilizokuwa juu ya bati. Akazitazama, akaingia ndani, akauona mwanzi mezani na nyaya zake. Akanyoosha mkono.

Hapo nikafanya jambo ambalo nimelifanya vizuri maisha yangu yote. Nilikaa. Nilikiweka kigoda katikati, kati yake na meza, nikakaa juu yake.

"Inuka."

"Siinuki, Balozi. Za nje zote zako, kagua upendavyo. Hizi zikitoka, mvua ya watu wote inapotea."

"Mvua imo humu?"

"Imo, yote ya tangu masika yaanze."

Alitazama juu, kwenye bati, kama kuhakikisha kwamba hakuna mahali ilipoingilia. Mama jirani alikuwa amekwisha kufika mlangoni na redio yake kwapani. Hakuna tukio la uani lililowahi kumkosa.

"Zijaribu basi, Balozi," alisema. "Usimkamate mtu kwa kusikia."

Balozi akatia betri za kwenye ndoo redioni. Kimya. Akatia nyingine. Kimya. Akaiweka redio sikioni.

"Hizi zimekufa."

"Zote, Balozi."

"Sasa unalangua maiti?"

"Nilikwambia huyu ni mwendawazimu, si mlanguzi," alisema mama jirani. "Hukunisikiliza."

Balozi alijaribu chache zaidi kwa ajili ya heshima ya koti, kisha akageuka kuondoka. Koti ndilo lililoniumiza. Pindo lake lilinasa waya, mwanzi ukaburuzika, betri moja ikachomoka na kubingirika hadi ukingoni mwa meza. Niliidaka na kuirudisha kabla haijaanguka, lakini sikuthubutu kuiwasha mashine mpaka Balozi alipokwisha kutoka uani.

Mvua ilikuwepo; umeme ulikuwa umeyumba tu, haukukatika. Lakini katikati ya Mutuka mashine ilisimama na kunijulisha kwamba kisanduku kimoja jumla yake hailingani na kilichomo. Ikakiruka, ikaendelea na vingine vyote kama kawaida. Kisanduku kimoja kibovu, siku chache, tena zile siku za mvua kubwa kuliko zote.

Kesho yake nikatoka tena, kwa miguu, nikapanda hadi Mutuka katika tope. Mama mwenye kipimo ambacho namba zake zilipotea alinikaribisha maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nilisoma, nikakwambia, nikamwaga," alisema. "Iliyomwagwa imemwagwa."

Niliporudi nimeloa, mama jirani alinipa ushauri wake bila kuombwa. "Andika namba yoyote kubwa. Nani ataikagua mvua iliyokwisha kunyesha?"

Sitasema sikushawishika. Siku zile hata paa langu lilivuja upande wa kitanda mpaka nikalala chini ya meza; ningeweza kukisia kwa kutazama godoro. Nilikaa mbele ya mashine na kidole juu ya kitufe. Mashine ilikuwa imeshadanganywa kwamba ina kabati. Nikaona aibu kuidanganya tena kuhusu kilichomo. Nikaacha pengo kama lilivyo, nikaendelea kuomba betri mbovu hadi mawingu yalipokwisha.

Mhandisi alirudi vumbi likiwa limeanza. Alikuja na kichapishi kidogo cha karatasi ya kuviringisha, akakiunganisha, nami nikasimama nyuma yake nikiwa nimeshikilia furushi la nguo zangu bila sababu; nadhani tayari nilikuwa nimeanza kwenda Morogoro. Karatasi ikatoka ikilia. Maisaka yote. Ziwa lote. Mutuka, halafu nafasi nyeupe, halafu Mutuka tena.

"Hapa pamekwenda wapi?"

Nikamweleza habari ya koti.

"Na hukujaza?"

"Sikuwa naijua namba."

Akaikunja ile karatasi taratibu, akaitia mkobani. Akaugusa mwanzi wangu kwa kidole kimoja, akazitazama tyubu, kutu, na betri zilizovimba kama mashavu.

"Mashine inabaki, Ndugu," alisema. "Tutakuletea sanduku la betri, za kweli."

Landrova ilipoondoka nilikaa kizingitini. Mama jirani alikuja na beseni lake la mchicha, akakaa kando yangu, akanipa shada moja nichambue.

"Hongera," alisema. "Lakini mimi nilikuhesabu umekwisha kwenda Morogoro, chumba chako nikamwahidi shemeji yangu, na mzigo wake uko njiani, kwa hiyo utamweleza wewe."