Makopo Nyuma ya Viti

Bia niliyoipenda, na bado naipenda, si bia ya kujisifia. Ni ile chungu yenye harufu ya ganda la chungwa, ya mtindo ulioanzishwa na watengenezaji wadogo, ila hii inatoka kiwanda kikubwa, na kwa hiyo ipo katika kila duka la serikali la pombe, kuanzia huku kwetu kusini mwa jiji hadi Hjulsta, upande wa pili. Kazi yangu ni kuosha mabasi gerejini. Mwenzangu wa zamu, Mswidi mwenye ndevu, hununua bia za viwanda vya watu wawili watatu, leo zipo kesho hazipo, na alikuwa akinicheka.

"Hiyo yako ni bia ya watu wasiopenda kushtukizwa," alisema.

Nilikuwa nimeshtukizwa vya kutosha kabla ya kufika nchi hii ya Waswidi. Kopo lile lilikuwa na ladha ileile kila Jumamosi, na mimi nililipendea hilo.

Nilikunywa mawili kwa juma. Shida ilikuwa pa kuyaweka. Nilipanga chumba Norsborg kwa familia ya kanisani kwetu, na kanisa letu la Warundi na Wakongo halitaki pombe hata ya kuonja. Mimi nilikuwa mwanakwaya, sauti ya besi. Mwalimu wa kwaya alikuwa kaka yangu. Yeye hakunywa kabisa, lakini alikuwa na nyumba Alby, na kila nyumba pale ina stoo yake chini ya jengo, imezungushiwa wavu na kufungwa kwa kufuli. Akanipa ufunguo wa pili.

"Weka nyuma ya viti," aliniambia. "Na shemeji yako asijue. Mlevi wa makopo mawili wewe, utanifukuzisha kanisani."

Jumamosi nilipitia dukani kabla halijafungwa saa tisa, kisha nikateremka stooni. Yeye alikuja akakaa juu ya tairi za gari za majira ya baridi, na mimi nikinywa, alinifundisha wimbo wa kesho yake kwa sauti ya chini.

"Hapo umekosea."

"Ni bia, kaka."

"Si bia. Jumapili pia unakosea palepale."

Alifariki kazini, moyo ulisimama. Huku maiti hungoja majuma kadhaa kabla ya kuzikwa, na majuma yote hayo watu walijaa nyumbani kwake. Siku ya pili viti havikutosha. Shemeji alinituma nilete vya stooni, na shemasi na vijana wawili wa kwaya wakanifuata kunisaidia. Shemasi alivuta viti vya nyuma, akayaona makopo, yamepangwa vizuri kama nilivyoyaacha.

"Za nani hizi?"

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Ni za marehemu."

Sikulitafuta neno hilo. Lilitoka lenyewe, kwa upole, kama la mtu anayesikitika kuitoa siri ya nduguye. Shemasi akanishika bega. "Pole sana. Umefanya vizuri kusema kweli."

Kwetu mwanakwaya huzikwa na kwaya ikiwa imevaa majoho. Wazee wa kanisa walikaa, wakaamua kwamba kwaya itaimba, lakini bila majoho na bila kusimama mbele. Shemeji aliuliza sababu, akaambiwa. Nilikuwa na majuma matatu ya kurekebisha jambo lile kwa sentensi moja. Siku ya mazishi nilikaa katikati ya watu kwa koti jeusi, nikaimba besi yote bila kukosea.

Baada ya hapo niliacha bia kwa miezi. Nilijiambia kwamba nikionja tena uchungu wake utanishinda, na nafikiri nilitamani iwe hivyo. Mwishowe nikanunua kopo moja, nikalinywea kwenye benchi karibu na ziwa. Lilikuwa na ladha ileile niliyoipenda. Nililimaliza, na sijawahi kujionea aibu kama siku ile.

Mwaka ulipoisha ikafika siku ya kuondoa msiba, ambayo sisi Warundi tunaiita kuganduka. Siku hiyo mkubwa wa familia huuliza mbele ya wote kama kuna mwenye neno juu ya marehemu. Nilifika asubuhi, kabla ya wageni. Shemeji alikuwa jikoni akichagua maharage.

"Shemeji, yale makopo ya stooni yalikuwa yangu."

Aliendelea kuchagua. "Yote?"

"Yote. Yeye hakuonja hata moja. Alinipa pa kuweka tu."

"Mwaka mzima nimekuwa nikinusa mashati yake," alisema. "Natafuta harufu. Nikasema, labda miaka kumi na saba nililala na mtu nisiyemjua."

Binti yao alikuwa ameegemea mlango. Akauliza kwa Kiswidi kama baba yake alikuwa akinywa au la.

"Hakunywa," nilimjibu.

Akauliza tena swali lilelile, safari hii akimtazama mama yake.

"Hakunywa," alisema shemeji. Kisha akaniambia, "Leo watu wakikaa, utasema."

Nilisema. Sebule ilikuwa imejaa, viti ni vilevile vya stooni. Shemasi alinisikiliza hadi mwisho.

"Na sasa umeacha?"

Wote walikuwa wananitazama, na ningeweza kusema ndiyo.

"Sijaacha. Mawili kila Jumamosi."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. Jumapili iliyofuata nilirudisha joho langu, nimelifua na kulipiga pasi.

Jumamosi baada ya hapo kwaya ilikwenda makaburini, na majoho, ikasimama mbele ya kaburi la kaka yangu na kumwimbia kama ilivyostahili mwaka mmoja kabla. Shemeji alisimama karibu nao na binti yake. Mimi nilikuwa nyuma, kwa koti langu la gerejini. Walichagua wimbo wa mwisho alionifundisha stooni. Walipofika pale nilipokuwa nikikosea siku zote, besi alikuwa amebaki mmoja tu, naye akakosea palepale. Nilikuwa naijua sawasawa ile sehemu. Sikufungua mdomo.