Betri ya Kichochoroni Iliyofukizwa Udi

Habari hii aliieleza Mejumaa Ishaq wa Mji wa Kale, Ijumaa iliyopita, akichambua mchele barazani kwake. Lakini aliyemtaja kila mara ni Kadzo, fundi wa betri.

Jua linakaribia kuzama. Kadzo amechutama katika chumba cha chini cha nyumba ya Mejumaa, mbele ya kasha la chuma kubwa kama kabati la vyombo. Anakaza nati ya mwisho, anapangusa jasho kwa mkono wa ovaroli.

Ndani ya kasha mna betri kuukuu za tuktuk za umeme. Alizifungua moja moja godauni Shimanzi, akatenga nzima na mbovu, akaziunganisha upya. Mchana hunywa umeme wa sola zilizoko mapaani. Jioni, kila nyumba ikiwasha taa na friji, huurudisha kwenye laini ya mtaa.

Leo zinajaribiwa. Barnabas, mkaguzi wa umeme, atakata laini ya nje wakati wa magharibi, na betri ikibebe kichochoro kizima hadi isha. Ikishindwa, kasha lirudi Shimanzi na kazi ya Kadzo iishie hapo.

Betri yake ya kwanza iliungua. "Nilikaa siku nyingi silali vizuri," asema. "Nikaapa, hii ya pili nitaitia pua." Akaifungia kifaa cha kunusa moshi: kikiusikia tu, betri yajizima.

Laini ikakatwa. Taa zikabaki zinawaka, watu wakashusha pumzi. Muda si muda, kichochoro chote kikawa giza.

Barnabas akaanza kukunja nyaya zake polepole, kama mtu anayeaga matangani. Kadzo akakimbilia chumbani, akasukuma mlango, harufu ya udi ikampokea. Mejumaa yumo katikati ya moshi, chetezo mkononi, analizunguka kasha kama anayemfukiza bibi harusi.

"Bi Mejumaa, wafanyani?"

"Namfukiza, mwanangu. Mgeni wangu hakai humu ananuka grisi."

Kadzo alitaka kulia, kikamtoka kicheko.

Barnabas alipoelezwa aliingia chumbani. Akaweka kiganja juu ya kasha: baridi.

"Dada Kadzo," akasema, "jaribio hili la moshi mimi nisingethubutu kulifanya. Imejizima kabla ya moto. Toeni moshi, tuanze upya."

Wanawake wa mtaa wakaja na vipepeo vya ukindu, wakaupepea moshi utoke dirishani, wakimtania Mejumaa kwamba mchumba wake hapendi manukato. Kadzo akawasha. Kichochoro kikang'aa, friji ya muuza maziwa lala ikaanza kunguruma.

Isha ikasaliwa, watu wakarudi makwao, taa zingali zinawaka. Barnabas akaongeza muda wote uliopotezwa na moshi, kisha akaunga laini ya nje. Umeme wa kasha ukatoka kwenda mtaa wa pili. Akatia sahihi. Vigelegele vikaanzia dirisha la juu, vikateremka hadi mlangoni.

Sasa Kadzo anaunda kasha la mtaa wa Bondeni, kubwa kuliko hili. "Huko nitabandika tangazo mlangoni," asema. "Udi ufukizwe nje."

Usiku ule wa jaribio alikula wali kwa Mejumaa, akasinzia mkekani na ovaroli yake. Mejumaa akamfunika leso, akapanda kitandani. Akanyoosha mkono kwenye swichi, akaurudisha. Akalala chali akiitazama taa yake inavyowaka, mpaka naye usingizi ukamchukua.